Maharagwe Yaliyokatiwa Stima

Katika ploti ya Gachanja hakukuwa na kupika kwa stima. Hakuna koili, hakuna heta, hakuna pasi. Stima ni ya taa na redio, basi, na atakayeshikwa atatoa vitu vyake nje siku hiyo hiyo. Vyumba vyote vya mabati pale Kongo, Kawangware, vilikuwa vimeungwa kwenye mita moja, na mita yenyewe ilikuwa ukutani mbele ya mlango wa Jentrix.

Jentrix alimwitikia Gachanja "sawa, Baba Wakarima" kama wapangaji wengine. Halafu kila asubuhi Gachanja akishatoka, alifunga mlango kwa ndani, akapandisha sauti ya redio na kuchomeka sufuria yake.

Alikuwa amepewa sufuria hiyo na Mchina mmoja, injinia wa barabara, ambaye Jentrix alimfanyia kazi ya nyumba kule Lavington hadi mkataba wake ulipoisha akarudi kwao. Ilikuwa nyeupe, nzito. Kifuniko chake ukikizungusha kinakaza kabisa hata hewa haipiti, na juu kulikuwa na kidude kidogo cha kufokea mvuke. Maandishi ya kwenye vitufe yalikuwa ya Kichina. Hakuna aliyeweza kuyasoma, lakini Jentrix alikuwa amemtazama yule injinia mara nyingi, akakijua kitufe cha maharagwe. Ukibonyeza hicho, maharagwe makavu ambayo juu ya jiko yangekula asubuhi nzima yalikuwa yanaiva kabla hujamaliza kufua. Na mwaka ule wa mvua ya El Nino makaa yalikuwa yameloa mji mzima. Ukiwasha jiko unapata moshi na machozi tu.

Maharagwe hayo yalikuwa ya biashara. Jentrix alishirikiana na Risper, ambaye wengi walimwita Mama Billy, mjane aliyemzidi umri na aliyekaa Kibera upande wa Olympic. Risper alikuja kila asubuhi kwa miguu hadi Kawangware 56, na hapo karibu na steji walikuwa na kibanda cha chakula. Wateja wao wakubwa walikuwa vijana wa mjengo, maana ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghorofa linajengwa. Risper alipika chapati na sukuma pale kibandani. Maharagwe yalikuwa kazi ya Jentrix, nyumbani.

Ijumaa hiyo Gachanja aliaga kwamba anaenda Limuru kuangalia shamba. Jentrix alimsubiri akunje kona ya bafu. Akamimina maharagwe mekundu aliyokuwa ameyaloweka tangu jana, akaongeza maji, akazungusha kifuniko na kubonyeza. Taa ndogo ikawaka. Redioni walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Akaketi kukata vitunguu.

Hakuwa amefika mbali aliposikia sauti ya Gachanja uani.

"Daraja limebebwa na maji! Magari yote yamerudi," alikuwa anamwambia mtu. "Sasa kwa vile niko, leo nitajua ni nani ananiunguzia fyuzi. Fungueni milango! Naanza na huyu."

Mlango wa jirani ukagongwa. Jentrix aliruka, akachomoa plagi. Taa ikazima. Sufuria ilikuwa ndiyo kwanza imeshika moto. Kile kidude cha juu kilikuwa kinatoa mvuke mwembamba, kwa sauti kama ya mtu anayepuliza chai. Akaiburuta hadi nyuma ya kitanda, akaizungushia blanketi, akatupa nguo chafu juu yake. Akafungua mlango akifuta mikono kwenye leso.

Gachanja aliingia na testa ya kupimia stima mkononi. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowaogofya wapangaji. Akaweka kiganja chake juu ya soketi.

"Mbona hii ni moto?"

"Ni redio, Baba Wakarima. Inaongea tangu asubuhi."

"Redio." Akaitazama redio. Akatazama kitanda. Chini ya nguo sufuria ikashusha pumzi ndefu. Jentrix akakohoa. Sufuria ikapumua tena, naye akakohoa zaidi, akajishika kifua na kuinama.

"Uko na homa?"

"Ni huu unyevu. Mvua imetumaliza."

"Na hiyo harufu?"

"Maharagwe ya kibanda. Nilichemsha jana."

Gachanja alisimama kidogo. "Nenda uonwe na daktari," akasema. "Siku hizi watu wanakufa na vitu vidogo." Kisha akatoka. Lakini hakwenda mbali. Alivuta stuli, akaketi chini ya mita, akatoa bisibisi na kuanza kufungua nyaya moja baada ya nyingine, uso wake ukiangalia mlango wa Jentrix.

Akakaa hapo asubuhi yote.

Jentrix alichungulia kupitia pazia mara nyingi hadi akachoka. Kuchomeka tena ilikuwa kutafuta kufukuzwa. Kuwasha jiko la makaa mlangoni, mbele ya mtu aliyeambiwa kwamba maharagwe yalichemshwa jana, pia haikuwezekana. Mara kwa mara alipenyeza mkono chini ya blanketi akaigusa sufuria. Bado ilikuwa na joto. Akajipa moyo kwamba joto ni joto, kwamba maharagwe yanaendelea kuiva humo ndani polepole.

Wakati wa chakula cha mchana ulipokaribia, alifungua kifuniko. Maharagwe yalikuwa yamevimba na kupasuka maganda, na ukiyaona tu ungedhani yako tayari. Akabana moja kati ya vidole. Lilipondeka, lakini katikati lilikuwa kavu kama chaki. Akabana lingine, hali ile ile. Alisimama akiitazama ile punje kiganjani. Kisha akamimina yote ndani ya sufuria ya kubebea, akafunika kwa kitambaa na kutoka.

Kibandani vijana walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi. Risper alikuwa na chapati motoni na jasho usoni.

"Umechelewa hivyo kwa nini? Hawa watanila mimi!"

Jentrix alikaanga vitunguu na nyanya upesi upesi, akamwaga maharagwe. Mchuzi ulipoanza kutoa mapovu pembeni, Kavoi, fundi wa kuweka mawe, akaanza kugonga sahani yake na kijiko, na wengine wakamfuata.

"Yameiva?" Risper aliuliza bila kugeuka.

Ilikuwa rahisi kusema bado. Wangepiga kelele, wangengoja, wengine wangeenda kibanda kingine. Lakini ingebidi aeleze kwa nini maharagwe ya kuanzia asubuhi bado hayajaiva, na maelezo hayo hakutaka kuyatoa mbele ya watu, hatua chache tu kutoka ploti ya Gachanja.

"Yameiva, Mama Billy."

Wakapakuliwa. Kavoi alitafuna, akasema, "Leo haya yako na mifupa," na wenzake wakacheka, lakini walikuwa na njaa, na mchuzi ulikuwa mtamu, wakafuta sahani kwa chapati. Elvis, kijana wa kubeba mawe, ambaye alikuwa anakula mara mbili ya wenzake, akaongezwa. Jentrix mwenyewe hakuonja. Risper naye alikuwa na desturi ya kula mwisho, vyombo vikishaoshwa.

Walikuwa bado wanaosha vyombo waliposikia ukelele kutoka mjengo.

Elvis alikuwa amepanda kwenye mbao za ghorofa ya pili na jiwe begani. Watu waliokuwa chini walimwona akisimama ghafla, akaliacha jiwe lianguke, akashika mlingoti kwa mikono miwili na kuanza kutapika kutoka kule juu. Wenzake wawili walimdaka shati alipokuwa anaanza kuteleza. Walimteremsha kwa kamba kama mfuko wa simiti, amekuwa rangi ya majivu, akisema tu, "Tumbo, tumbo." Kabla hawajamlaza vizuri, mmoja wa wale waliomshika naye akakimbia nyuma ya lundo la mchanga.

Muda si muda walikuwa wengi. Wengine walikaa chini wameshika matumbo, wengine walienda kwa choo na hawakutoka. Wakoli, msimamizi wa mjengo, aliwapakia wale waliozidiwa kwenye mikokoteni, akawakimbiza zahanati. Mtu mmoja akatamka neno ambalo mwaka ule hakuna aliyetaka kulisikia.

"Kolera!"

Steji nzima ikageuka. Makanga wakaacha kuita watu. Wanawake waliokuwa wanauza nyanya wakaanza kufunika bidhaa zao. Kavoi alikuja amejishika tumbo, midomo mikavu, na nyuma yake watu, na nyuma ya hao watu wengine.

"Si kolera," alisema. "Kolera haishiki watu wa benchi moja. Ni chakula. Sisi wote tumekula hapa!"

"Wametilia watu sumu?" mtu akauliza kutoka nyuma, na lile neno likachukuliwa, likapita kinywa hadi kinywa, na lilipowafikia wa mwisho halikuwa swali tena.

Risper alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Sumu ya nini? Nyinyi ni watoto wangu. Nimewalisha tangu hilo jumba liko kwa msingi."

"Na wewe umekula?" Kavoi akamuuliza. "Mko wawili hapa. Kuna mtu amewaona mkila? Hata siku moja?"

Hakuna aliyewaona. Kijana mmoja akapiga teke benchi, likaanguka. Mwingine akashika nguzo ya kibanda na kuitikisa, na bati moja likalia. Jentrix akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa mbao. Aliona mtu akiinama kuokota kipande cha jiwe, bila hasira, kama mtu anayejiandaa tu.

Risper pia alimwona. Akatupa kitambaa.

"Mnataka nile? Haya." Akachukua sahani safi. Akafunua sufuria na kujipakulia maharagwe yaliyobaki, akajaza hadi ukingoni. "Tulieni hapo hapo. Mkiniona nimekufa, mjue nilikuwa mchawi. Nisipokufa, mtaniomba msamaha mmoja mmoja, kuanzia na wewe, Kavoi."

Akala kwa kusimama, akiwaangalia. Alikula bila haraka na bila kupepesa macho, kijiko kikienda na kurudi, na umati ukawa unatazama koo lake kila alipomeza.

Jentrix alikuwa pembeni yake, karibu kiasi cha kusikia kijiko kikigonga sahani. Alitaka kusema. Hakujua kama maharagwe yasiyoiva yanaweza kuangusha mwanamume mzima. Hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Labda ni kolera kweli, akajiambia. Labda ni maji ya mfereji wa mjengo. Lakini alijua yale yaliyokuwa katikati ya punje zile, na alijua Risper hajui. Na nyuma ya watu, ameinua shingo ili aone, alikuwa Gachanja, na testa yake bado iko kwenye mfuko wa shati.

Risper akameza. Akachota tena. Akameza.

"Mama Billy," Jentrix akasema.

"Wacha nimalize."

"Mama Billy, wacha kula."

Risper alimgeukia, kijiko kikiwa hewani. Aliona uso wake. Kilichokuwa usoni mwa Risper, ile jeuri iliyokuwa imemshikilia wima mbele ya watu wote wale, kikaondoka polepole.

"Kwa nini niwache?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hayakuiva." Jentrix alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda. "Nilikuwa nayapika kwa ile sufuria ya stima ya Mchina. Yalikuwa ndiyo yanaanza kupata moto nikachomoa. Yamekaa vuguvugu asubuhi yote, chini ya blanketi. Nilikudanganya. Hayakuiva kabisa."

Risper aliweka sahani chini.

Lakini umati ulikuwa umesikia mambo mengine. Sufuria ya stima? Ya nani? Ya Mchina? Imewekwa dawa gani ndani? Kavoi akapiga kelele kwamba hiyo sufuria iletwe, ivunjwe, ichomwe, na mwenye sufuria aeleze vizuri alitumwa na nani. Watu wakaanza kumiminika kuelekea Kongo, wengine wakisukumwa tu na wale wa nyuma, na mkono mmoja ukamshika Jentrix kwenye kola ya blauzi ukamvuta pamoja nao. Alisikia mshono ukikatika. Risper alikuwa amemshika mkono, hamwachilii, na hivyo wakaburutwa wote wawili kwenye matope hadi lango la ploti.

Gachanja alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama katikati ya lango lake, mikono ameitandaza kushika miimo ya pande zote mbili.

"Hii ni ploti yangu," alisema kwa upole wake ule ule. "Humu kuna wanawake wamejifungua juzi. Hakuna mtu anaingia."

"Buda, toka hapo! Mtu wako ametupatia sumu!"

"Kama ametoa sumu, ataenda polisi. Lakini ndani hamwingii. Atakayepita atapita juu yangu, na mnajua wanangu wako wangapi." Kisha akanyoosha mkono, akamkamata Jentrix begani, akamvuta upande wake wa lango. Risper akavutwa naye, kwa sababu hakuwa amemwachilia.

Haijulikani wangesimama hivyo kwa muda gani. Jiwe moja lilirushwa, likagonga bati juu ya kichwa cha Gachanja, naye hakuinama. Ndipo Wakoli alipokuja akikimbia kutoka zahanati, na nyuma yake mwanamke wa gauni jeupe lililorushiwa matope hadi magotini. Alikuwa Sista Christine, aliyehudumu pale zahanati, na watu wa 56 walimjua kwa sababu ndiye aliyezalisha wake zao.

"Nipisheni!" alikuwa anapaza sauti. "Nataka mpishi! Nani amepika? Nahitaji kujua hao watu wamekula nini, au nitawapeleka wote hospitali ya kolera, na huko hakuna hata kitanda!"

"Ni mimi," Jentrix alisema.

Akamweleza. Safari hii alieleza yote, na Gachanja amesimama hapo akisikia: kuloweka, kubonyeza, fyuzi, plagi, blanketi, chaki katikati ya punje. Sista Christine alimkatiza mara kwa mara. Yalichemka? Uliyaona yakichemka kwa nguvu? Ni yale mekundu? Na kibandani yalikaa motoni kiasi gani?

"Yalitoa mapovu tu, nikaepua."

Sista alipumua. Akawageukia watu.

"Sikieni. Si kolera, na hakuna mtu ametiliwa kitu. Haya maharagwe mekundu yana sumu yake yenyewe, imeumbwa nayo. Yakichemka sawasawa inakufa. Yakipata moto wa nusu nusu, inazidi hata kuliko yakiwa mabichi. Mtu anatapika, tumbo linamwendesha, anaona kama anakufa, halafu kabla ya kesho imeisha. Wapeni maji yenye chumvi na sukari. Elvis amechukua mengi, huyo nitamtundikia maji. Kavoi, wewe mbona unasimama? Kaa chini kabla hujaanguka."

Kavoi akakaa chini pale pale kwenye matope. Watu walinung'unika, wakatazamana. Wengine walionekana kama wamenyang'anywa kitu. Aliyekuwa na jiwe aliliangusha kando ya mguu wake na kulitazama kama halikuwa lake. Wakoli akawaita vijana wake wakamwinua Kavoi, na kidogo kidogo lango likabaki wazi.

Gachanja alisubiri hadi wote wakaondoka. Akaingia chumbani mwa Jentrix, akatoka ameikumbatia sufuria nyeupe, waya ukiburuta nyuma. Akaiweka chini mbele yake, taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

"Ulikohoa vizuri sana," akasema. "Hata nilikuonea huruma."

"Baba Wakarima..."

"Watu wangeweza kuingia na moto humu ndani. Watoto wa watu wamelala. Toa vitu vyako, mama. Nimekusaidia kwa hilo lingine, kwa hili siwezi."

Jentrix hakubishana. Alikuwa na vitu vichache: kitanda ambacho hangeweza kubeba, godoro, redio, masanduku mawili. Sufuria aliiacha pale uani. Risper alimsaidia kufunga godoro kwa kamba bila kumwangalia. Hakuna aliyemwambia aende wapi. Risper alijitwika sanduku moja akaanza kutembea, na Jentrix akamfuata, kupitia barabara ya matope hadi Ngong Road, kisha upande wa Kibera. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Olympic, na hapo Risper aliteremsha sanduku, akashika ukuta wa kanisa na kutapika.

Alitapika njia nzima iliyobaki. Nyumbani kwake, chumba kimoja chenye pazia katikati, Jentrix alimvua viatu, akamlaza, akatafuta chumvi na sukari kwenye rafu ambazo hakuzijua. Alimshikia beseni. Alimfuta uso. Risper hakumzuia wala hakumshukuru. Kulipopambazuka alikuwa ametulia, uso umemwingia ndani, macho wazi.

"Elvis yuko aje?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Sijui. Nitaenda kuuliza kukikauka."

Mvua ilikuwa inapiga bati tena. Risper aligeuza kichwa juu ya mto.

"Ungeniacha nimalize ile sahani?"

Jentrix alikuwa amejua swali hilo linakuja. Usiku wote alikuwa ametafuta jibu lililokuwa zuri na la kweli pia, akalikosa.

"Niliona ukimeza, Mama Billy. Nikanyamaza. Ukameza tena, nikanyamaza. Nilikuwa naangalia Gachanja." Akakunja kitambaa kilichokuwa mkononi, akakikunjua. "Mwishowe nilisema. Lakini kama ungekula haraka zaidi... Sijui. Sijui ningefika wapi."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakikwama na kukwamuka.

"Mimi nilikula kwa sababu niliamini mkono wako," alisema hatimaye. "Mbele ya watu wote wale. Nilikuwa na hakika hata ya kuapa."

"Najua."

"Hujui. Na usilie, kichwa kinaniuma."

Jentrix akajizuia. Risper akafumba macho, na ilionekana kama amelala, lakini baadaye akasema bila kuyafumbua, "Ukifika zahanati usijifiche nyuma ya Sista. Elvis ana mama yake hapo Kawangware, atakuwa amekesha naye. Zungumza na huyo mama. Wewe, kwa kinywa chako."

"Atanipiga."

"Atakupiga. Halafu urudi hapa, kwa sababu huna mahali pengine."

Jentrix alivaa viatu vilivyokuwa bado vimeloa. Alitafuta mwavuli, hakuuona, akajifunika karatasi ya nailoni kichwani. Alipofika mlangoni Risper alikuwa ameketi kitandani, ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, akimwangalia, na uso wake haukuwa wa urafiki wala wa uadui. Jentrix akashusha pazia la mlango, akaingia kwenye mvua, akashika njia ya kurudi Kawangware.